DISKI BILA JINA NI KABURI BILA MSALABA
Neno kwa wale wenye kusema: «Yote iko ndani ya simu»



Katika vitabu hivi vya shirika letu tumezoea kusoma juu ya mahari, juu ya matanga, juu ya majina ya mapacha na mashauri ya wazee. Ni vizuri, tuendelee. Lakini kuna mali moja ya desturi yetu yenye hakuna mtu anaitetea, sababu inaonekana kama kitu cha mashine, si kitu cha wazee. Nasema juu ya diski za zamani: zile nzito nyeusi za gramafoni zenye kuzunguka mara 78 kwa dakika, na wadogo wao wa 45 na wa 33. Ndani yao muna sauti za baba zetu na za nkambo zetu. Kila mwaka tunazitupa, tunazivunja, tunaziuzisha kwa bei ya mkate.

Leo nataka kuzitetea. Nitasema wazi, hata kama maneno yatachoma wengine, na wa kwanza kuchomwa watakuwa watu wa kazi yangu mwenyewe, sisi walimu.

1. «Mwalimu, yote iko ndani ya simu»

Neno hili ninalisikia darasani, na ninalisikia tena katika chumba cha walimu. Kijana anaandika «OK Jazz» katika simu yake, nyimbo mia zinatoka, anacheka: «Unaona, mwalimu? Unachunga vumbi ya nini?»

Mimi namwuliza: ile yenye iko ndani ya simu iliingia namna gani? Haikuanguka toka mbinguni kama mana. Mtu fulani alikuwa na diski, akaiweka juu ya mashine, akainakili. Nyimbo nyingi za zamani zenye tunazisikia leo zilifika kwa njia moja kati ya mbili. Ao kampuni ilichunga tepi na zile «mama» za chuma za kutengenezea diski, ao mtu wa kawaida alichunga diski katika nyumba yake.

Na kwetu ile njia ya kwanza ilifungwa zamani. Kampuni za kwanza za Léopoldville zilikuwa za wafanyabiashara. Ngoma ilianzishwa mwaka 1948 na Mgiriki mmoja, Nico Jéronimidis. Loningisa ilikuja 1950, ya Papadimitriou. Tena tulipata Opika, Esengo na wengine. Walifanya kazi kubwa, tusiwakatalie. Lakini mfanyabiashara anachunga kitu wakati kinamletea faida. Siku biashara ilikufa, vitu vilienda kila kimoja na njia yake, na sisi hatukurithi nyumba hata moja ya kuchungia tepi.

Kisha hesabuni wenyewe. Novemba 1973, Mobutu alitangaza zairianisation, maduka yakabadilisha mikono kwa siku chache. Septemba 1991 na Januari 1993, mapora. Kwa sisi watu wa Katanga, ongezeni ile miaka ya 1992 na 1993, wakati ndugu zetu wenye asili ya Kasai walifukuzwa Likasi na Kolwezi, wakalala ku gare wakingoja treni. Ni nani angebeba sanduku la diski, na mtoto je, angembeba nani? Kwa watu wa Goma, ongezeni lava ya Nyiragongo ya Januari 2002, yenye ilipita katikati ya mji.

Kwa hiyo diski zenye zilibaki ni zile zenye mama fulani alizisahau chini ya kitanda, ao mzee fulani alikataa kuziachilia. Simu haizijui. Simu inajua paka kile chenye mtu aliilisha. Na hata kile inajua, inakijua vibaya: wimbo unaitwa «Rumba ya zamani, namba 7», foto ni ya mtu mwingine, mwaka hakuna, mtunzi hakuna. Kama bendi ni OK Jazz, basi kila kitu kinaandikwa «Franco», hata pale sauti ni ya Vicky Longomba na gitare haiko ya Franco. Hiyo ndiyo «yote»?

2. Tulikamata jina la jazz, tukaacha kazi ya wapenzi wa jazz

Vijana wananiuliza kila mara: kwa nini bendi zetu ziliitwa jazz, wakati hazikupiga jazz ya Marekani? African Jazz ya Joseph Kabasele, mwaka 1953. OK Jazz, mwaka 1956, yenye jina lake lilitoka ku bare ya Oscar Kashama. Hata ku Tanzania kulikuwa Morogoro Jazz, Western Jazz, Dar es Salaam Jazz. Muziki wenyewe ulikuwa na damu ya Cuba, ya zile diski zenye alama ya G.V. zenye zilianza kutoka mwaka 1933 na kufika kwetu kwa meli. Jazz lilikuwa jina la heshima. Lilisema: muziki wa mtu mweusi wa mjini, mwenye kuvaa suti, mwenye kupiga tarumbeta bila kuomba ruhusa.

Na jazz mwenyewe alikuja kutuamkia. Louis Armstrong alipiga Léopoldville mwisho wa mwezi wa Oktoba 1960, na katika Novemba akafika hapa kwetu, Élisabethville, leo Lubumbashi, katikati ya fitina za kujitenga kwa Katanga.

Jina tulilikamata. Lakini kuna kitu cha maana kushinda jina chenye hatukukamata, nacho ni kazi ya wapenzi wa jazz. Sikilizeni vizuri, juu somo liko hapa.

Ku Marekani pia diski za kwanza za jazz zilidharauliwa. Mwaka 1923 King Oliver alirekodi na bendi yake ku Richmond, jimbo la Indiana, katika studio ya Gennett, yenye ilikuwa ya kiwanda cha piano. Kijana Armstrong alikuwa ndani. Wakubwa wa ile inchi hawakuona kama pale kulikuwa kitu cha kuchunga. Kampuni nyingine, Paramount ya Wisconsin, ilikuwa mali ya kiwanda cha viti. Katika miaka ya 1930 ilikufa, na mama zake nyingi za chuma ziliuzishwa kama vyuma vya kuyeyushwa. Fikirini: muziki mzima wa taifa, umeuzishwa kwa kilo.

Ni nani aliokoa? Serikali? Hapana. Ni wapenzi, watu bila cheo. Walitembea nyumba kwa nyumba katika mitaa ya watu weusi, wakipiga hodi: «Mama, uko na diski za zamani?» Walizinunua kwa makuta machache. Nyimbo nyingi za Paramount zenye dunia inasikia leo hazikutoka ku kampuni. Zilitoka ku diski zenye ziliokotwa ndani ya nyumba za watu maskini, wakati mwingine diski moja tu yenye ilibaki katika dunia nzima.

Kisha wakafanya jambo la pili, kubwa kushinda la kwanza: waliandika. Mwaka 1936 Mfaransa mmoja, Charles Delaunay, alitoa kitabu chenye kuitwa «Hot Discography». Si kitabu cha hadithi. Ni daftari: diski hii, nani alipiga, siku gani, mji gani, namba gani. Ku etiketi ya diski mara nyingi kulikuwa jina la mkubwa wa bendi tu. Wengine iliomba kuwauliza, kuwaandikia mikanda, kulinganisha masikio. Na walifanya mbio, sababu wapigaji walikuwa bado wazima.

Ndiyo maana leo, kwa zile diski za 1923, mtoto wa shule ku Chicago anaweza kukuambia: clarinette ni Johnny Dodds, ngoma ni ndugu yake Baby Dodds, piano ni mwanamke Lil Hardin, trombone ni Honoré Dutrey. Karne moja imepita, na hata mpiga ngoma ana jina!

Sasa na sisi? Kamata diski yoyote ya Ngoma ya mwaka 1950. Niambie ni nani mwenye kutikisa maracas. Niambie hata ni nani yuko ku contrebasse. Kimya.

3. Bosco ana jina. Wenzake wako wapi?

Wengine watasema: «Mwalimu, unazidisha. Jean Bosco tunamjua.» Vizuri. Tumkamate yeye basi.

Mwaka 1952, ku Jadotville, leo Likasi, Hugh Tracey, Mwingereza mwenye kuishi Afrika ya Kusini, alirekodi kijana wetu Mwenda Jean Bosco na wimbo «Masanga». Gitare moja, mtu mmoja. Diski ilitoka kwa kampuni ya Gallo, ikazunguka Afrika Mashariki na Kusini. Katika 1961 na 1962 David Rycroft wa London akaandika vidole vyake nota kwa nota katika gazeti «African Music». Mwaka 1969 Bosco akapiga ku tamasha ya Newport, Marekani. Mwaka 1979 Mwingereza mwingine, John Low, mpiga gitare, akafunga safari mpaka Shaba kukaa na Bosco, na Édouard Masengo, na Losta Abelo, kusudi ajifunze gitare ya Katanga kwa wenyewe. Kitabu chake, «Shaba Diary», kilitoka Vienna mwaka 1982. Bosco alikufa mwaka 1990 katika ajali ya gari ku Zambia.

Kwa nini tunajua haya yote? Sababu ya gitare tamu? Gitare tamu zilikuwa mingi. Tunajua juu Tracey, siku ile ile, aliandika: jina, mji, mwaka, luga, chombo. Makaratasi na tepi vilienda ku ILAM, nyumba yake ya kuchungia muziki yenye alianzisha mwaka 1954, yenye leo iko Makhanda, Afrika ya Kusini. Na kwa sababu makaratasi yalikuwako, miaka makumi nyuma yake kampuni ndogo ya SWP, ku Utrecht, iliweza kutoa upya gitare za Kongo ya kusini na za Zambia ya kaskazini katika diski yenye kuitwa «Origins of Guitar Music». Ukiifungua, karatasi ya ndani inakuambia nani ni nani.

Basi nauliza tena. Katika makambi ya Union Minière, Kipushi, Kolwezi, Likasi, na ku makambi ya treni, vijana wangapi walipiga gitare jioni katika miaka ya 1950? Wangapi waliingia studio mara moja tu, wakaimba Kiswahili chetu hiki chenye wengine wanakiita kibaya, wakapokea bei ya chupa mbili za bia, wakarudi ku kazi? Diski yao iko fasi fulani. Wajukuu wao wako katika madarasa yetu. Mjukuu anapita karibu na sauti ya nkambo wake bila kujua. Mimi naona huo ni msiba kushinda diski yenye kuvunjika. Diski yenye kuvunjika imekufa. Ile yenye haina jina inazikwa kila siku mara mpya, na hakuna mtu wa kukaa matanga.

4. Toleo jipya lenye kufaa, na lile lenye kutudanganya

Msifikiri ninachukia diski za kutolewa upya. Nazipenda, na ninazitafuta kama mtu anatafuta dawa. Kuna zenye ni kazi ya heshima. Mwaka 1991 Crammed Discs ya Brussels ilitoa «Roots of Rumba Rock», na mwaka 1993 «Roots of OK Jazz», zote toka diski za Loningisa. Mwaka 1996 Mjerumani Günter Gretz alitoa nyimbo za kwanza za Ngoma. Sterns ya London ilitoa «Francophonic» ya Franco katika sehemu mbili, 2008 na 2009, na kitabu kizima ndani. Karibuni tena Planet Ilunga, ku Brussels, inatoa diski za 33 kwa mkono wa mtu mwenye kupenda.

Lakini sokoni kuna nyingine. Mimi mwenyewe nililipa dola kumi na tano kwa diski moja ya kampuni moja ya Ulaya. Ku ganda, foto ya mzee. Ndani, nyimbo za ujana wake. Wimbo mmoja ulikatwa mbele seben haijaanza. Wimbo wa Kiswahili uliandikwa kama ni wa Lingala. Watunzi: hakuna hata mmoja. Na ku etiketi waliandika kwa maneno makubwa kama ni kumbukumbu ya milele. Kumbukumbu ya nani?

Kwa hiyo mbele ya kutoa pesa, ndugu msomaji, uliza maulizo haya sita:

Moja. Sauti ilikamatwa wapi? Ku tepi ya kwanza, ku diski safi, ao ku kaseti ya kaseti? Mwenye kufanya kazi vizuri anasema. Mwenye kuficha ana sababu.

Mbili. Majina yako? Si jina la bendi tu: mtunzi, mwimbaji, mpiga gitare.

Tatu. Mwaka na namba ya diski ya kwanza ziko? Namba ni kama namba ya kadi ya ubatizo. Kwa namba unaweza kumkuta mtoto hata kama jina limefutika.

Ine. Mwendo ni wa kweli? Diski ya 78 ikizungushwa mbio kidogo, mwanaume anaimba kama kijana, na gitare haiingii tena ku gitare yako. Tena, kama walifuta kelele yote ya vumbi, mara nyingi walifuta na mlio wa kamba. Bora makelele kidogo na gitare nzima.

Tano. Maneno yanafasiriwa? Ni luga gani, na anasema nini? Wimbo wa Katanga bila maneno yake ni mchuzi bila chumvi, juu utamu wote uko katika mizaha na mashauri.

Sita. Ni nani analipwa? Hili ndilo ulizo lenye linafungua fungu langu lenye kufuata.

5. «Wazungu walituibia»

Najua, wengine kati yenu mlikuwa mnangoja hapa. Mnasema: Mgiriki alirekodi, Mwingereza akapeleka, Mbelgiji akatoa upya, na sisi tunaambiwa kuandika daftari!

Kuna ukweli ndani. Wapigaji wengi walilipwa mara moja, kidogo, na basi. Tepi za Likasi ziko Afrika ya Kusini, si Likasi. Sitatetea hiyo.

Lakini hasira bila karatasi haishindi mashtaka. Wazee walisema: mali bila daftari hupotea bila habari. Sheria ya inchi yetu ya mwaka 1986 juu ya haki za watunzi inachunga kazi ya mtunzi wakati wote wa maisha yake, na miaka 50 nyuma ya kifo chake. Hesabuni: mtu mwenye alikufa mwaka 1990, haki ya watoto wake inafika mpaka 2040. Haijakufa! Tulikuwa na SONECA toka mwaka 1969, na toka 2011 tuko na SOCODA. Watu wanazisema vibaya, na mara nyingine wana haki. Lakini hata kama biro ile ingekuwa ya malaika watupu, malaika atamlipa nani, kama ku diski hakuna jina? Mtoto wa mpiga gitare ataingia ku biro na nini mkononi? Na machozi?

Basi mwenye kusema «walituibia» na hana daftari, anamsaidia mwizi. Kampuni yenye haitaki kulipa inapenda sana diski bila majina.

Na tuseme na ile yenye tunafanya wenyewe. Ni Mbelgiji mwenye alikuja kuchoma diski nyuma ya kanisa, juu mhubiri alisema muziki ya dunia ni ya shetani? Nimeona majivu yenyewe. Mtu anaokoka, Mungu asifiwe, lakini sauti ya baba yake ilifanya zambi gani? Ni Mgiriki mwenye aliwapa watoto diski kuzirusha kama sahani? Na wafanyabiashara wetu, wenye kuzunguka katika nyumba za wajane, wanakamata sanduku zima kwa pesa ya unga, wanaliuzisha kwa mgeni kwa dola, na hawaandiki hata mtaa wenye lilitoka: hao ni wazungu?

Kuna na wale wakusanyaji wetu wa kufunga mlango. Mtu yuko na diski mia tatu, hakuna mwenye kuzisikia, hakuna mwenye kuzinakili, anajisifu tu: «Mimi peke yangu niko nayo.» Ndugu, siku utakufa, watoto wako wataziuzisha mbele ya siku arobaini. Mwenye kula peke yake katika giza, kwetu tunajua jina lake.

6. Karamu ya UNESCO haikuokota diski hata moja

Tarehe 14 Desemba 2021, UNESCO iliandika rumba ya Kongo, ya inchi zote mbili, katika orodha ya urithi wa watu wote. Tulicheza. Mimi pia nilicheza. Lakini nyuma ya ngoma, tujiulize: ku Lubumbashi, fasi gani ya watu wote ilifunguliwa, yenye mwanafunzi anaweza kuingia, kuomba diski ya 1955 na kuisikia? Ku Bukavu? Ku Kisangani? Karatasi ya heshima ni nzuri ukutani. Haiwezi kuinama kuangalia chini ya kitanda cha mama mzee. Ni sisi tuko na magoti.

Na wakubwa wa utamaduni, wakisema rumba, wanaona Kinshasa tu. Siwachukii watu wa Kinshasa. Kabasele ni wetu sote, Docteur Nico ni wetu sote. Lakini kampuni za Ulaya zinatoa upya kile chenye kinauzika, nacho ni majina makubwa ya Kinshasa. Gitare ya Kiswahili ya Katanga, nyimbo za Maniema, za Kivu, za Kisangani, soko haliziulizi. Tusipoziokota sisi wenye kuelewa maneno, ni nani ataziokota? Mtu wa Brussels atasikia gitare, ndiyo. Mzaha wa mama mkwe hatausikia.

7. Basi tufanye nini?

Sipendi maandiko yenye kulia na kwenda kulala. Kazi yenyewe haiombi pesa mingi.

Kwanza, wazee mbele ya diski. Diski ikichungwa vizuri inaweza kungoja. Mzee hangoji. Kama kuna mzee katika mtaa wenye anakumbuka nani alipiga, nenda wiki hii, na daftari.

Pili, daftari. Piga mistari: namba ya ku etiketi, namba ndogo yenye kuchongwa karibu na etiketi, kichwa cha wimbo kama kilivyoandikwa, hata kama kina makosa, bendi, mtunzi, luga, diski ilitoka kwa nani, mtaa gani, mwaka gani aliinunua, na nani alikuambia majina. Kama wazee wawili hawapatani, andika wote wawili. Usimchagulie mmoja.

Tatu, hapa simu ni mtumishi mzuri: piga foto ya etiketi, sehemu zote mbili. Foto haili chakula.

Ine, uchunge vizuri. Zisimamishe kama vitabu, usizilundike moja juu ya nyingine; jua na joto zinapinda. Ile ya 78 usiioshe na alkoli hata siku moja, itayeyuka. Maji safi na sabuni kidogo, bila kulowesha etiketi, vinatosha. Usiipige na sindano ya 33, mfereji wake ni mpana, sindano itaanguka chini na kukusanya makelele. Na gramafoni ya zamani ya sindano ya chuma, sindano ile ni ya sehemu moja tu, kisha unatupa. Wenye kuirudilia walikula diski zao wenyewe.

Tano, usiuzishe mbele ya kunakili na kuandika. Sisemi usiuzishe: njaa ni njaa, na mjane hatakula muziki. Lakini jina libaki mjini, hata kama diski inapanda ndege.

Sita, sisi walimu. Tunafundisha wanafunzi mito ya Ulaya na wafalme wa Ubelgiji. Tuwape kazi moja tu ya nyumbani kwa mwaka: kila mwanafunzi aulize mzee mmoja juu ya wimbo mmoja, aandike majina, alete. Darasa la watoto hamsini ni majina hamsini. Masomo kumi ya mji ni daftari lenye Delaunay mwenyewe angeliheshimu. Na mwalimu mwenye atajibu «haiko ku programu», nitamwuliza: na wewe, jina lako liko ku programu ya nani?

Wapenzi wa jazz ku Marekani hawakuwa matajiri wala wakubwa. Walipiga hodi, wakauliza, wakaandika, wakati wenye kujua walikuwa bado wanapumua. Kwetu wenye kujua miaka ya 1950 wamebaki wa kuhesabu na vidole. Mwaka huu wataondoka wengine. Tutalia ku matanga yao, tutapiga ndani ya simu rumba ya zamani namba 7, na hakuna mtu katika ule uwanja atajua kama mwenye kupiga gitare ni yule mwenye kulala ndani ya sanduku.

Hodi inaomba mkono mmoja tu. Kesho, nyuma ya masomo, piga.